Sahihi ya Kaka kwenye Karatasi ya Tanuri

Wifi yangu aliponiomba niandike maisha ya kaka kwa ajili ya ibada ya kumbukumbu, aliweka sharti moja. Mambo ya kiwandani nisiyaguse. Niseme alikuwa mume mwema, baba wa watoto watatu, mcha Mungu, basi. Yale ya mzigo ulioharibika tumeshayazika naye.

Nimeandika mara mbili nikachana. Siwezi kumweleza kaka bila kazi yake. Na yale ya mzigo ni yangu.

Kaka alikuwa fundi wa unga. Mama aliposikia hivyo mara ya kwanza alifurahi, akangoja aone mwanawe ataleta kilo ngapi nyumbani. Kaka akamletea kijiko kimoja ndani ya karatasi, kitu cha kijivu, kizito kuliko kinavyoonekana. Ulikuwa unga wa chuma. "Basi songa, mama, tule," alimwambia, na mama akamfukuza kwa mwiko hadi nje.

Kiwanda chetu kinaugandamiza unga huo kuwa pete, nyingine ndogo kama kifungo, nyingine pana kama bangili. Pete huzungushiwa waya wa shaba, ikaingia kwenye chaja za simu na vifaa vya umeme wa jua. Humo umeme hugeuka huku na huku mara laki nyingi kwa sekunde moja. Pete ikiwa chuma kitupu, umeme huanza kujizungusha ndani yake bila kazi, ukaishia kuwa joto. Ndiyo maana kila chembe ya unga lazima ipakwe utando mwembamba usiopitisha umeme. Kaka alisema kila chembe ivae shati lake na ifunge vifungo. Alikaa kando ya pipa linalozunguka, akichota unga kidogo na kuupikicha kati ya vidole. "Huu bado uko uchi," alikuwa akisema, na pipa likaendelea kuzunguka hata kama msimamizi anakunja uso.

Mimi alinitafutia kazi nilipomaliza kidato cha nne. Nilikuwa kwenye tanuri. Pete zikitoka kwenye mashine huwa zimebanwa mno, na chuma kilichobanwa hushindana na sumaku kila inapogeuka, umeme ukapotea hapo pia. Tanuri hukilegeza. Lakini moto ukizidi, yale mashati huungua, chembe zikagusana, na kazi yote ya pipa ikawa bure. Kwa pete zetu ilikuwa nyuzi mia nne na hamsini, saa nzima, bila kuharakisha.

Siku hiyo kaka alikuwa anampeleka mama kliniki. Kabla ya kuondoka alitia sahihi karatasi ya tanuri, inayojazwa moto na muda, kabla pete hazijatoka, jambo lisiloruhusiwa, kwa sababu alijua nina mazoezi ya kwaya na hakutaka nimngoje. "Saa nzima, mdogo wangu," alisema. "Halafu funga, uende."

Tulikuwa tunajiandaa kwa mkutano mkubwa, nami nilikuwa nimepewa kuongoza wimbo. Nikapandisha moto hadi mia sita, nikatoa pete baada ya nusu saa, kama mtu anayeongeza kuni maharage yaive upesi. Kwenye karatasi nikajaza mia nne hamsini. Kwa macho zilikuwa pete nzuri kabisa. Jioni hiyo niliimba vizuri, watu wakasema Roho alikuwepo.

Mzigo ulirudishwa baada ya mwezi. Chaja zilikuwa zinachemka hadi plastiki inanuka. Kaka alichukua pete moja, akaigusa kwa nyaya za kipimo. Kwenye pete nzima mshale husogea kidogo tu. Kwenye ile uliruka hadi mwisho. Akauangalia, kisha akaniangalia mimi.

"Uliupandisha moto?"

Nikasema hapana.

Hakuuliza tena. Msimamizi alipokuja na karatasi, kaka alisema sahihi ni yake na tanuri siku hiyo lilikuwa chini yake. Wakamtoa kwenye pipa, wakampeleka kufungasha maboksi. Miaka sita alifunga maboksi kwa gundi, na vijana wa pale walimwita Bwana Moto. Aliitika. Mimi nilipita karibu yake kila asubuhi nikielekea kwenye tanuri.

Moyo wake ulipoanza kushindwa nilikwenda hospitali kumwombea. Nilisali kwa kirefu, nikamtaja Mungu anayeijua mioyo yetu. Nilipomaliza nikaanza, "Kaka, kuhusu ule mzigo..." Akaniwekea mkono kichwani. "Umesali vizuri, mdogo wangu. Nenda, utachelewa kwaya."

Nami nikaenda. Ndilo linaloniaibisha kupita uongo wenyewe. Nilitoka mbio kama mtu aliyefunguliwa mlango, na alfajiri yake wakatupigia simu.

Jana nilimsomea wifi haya yote jikoni kwake. Aliacha kukunja nguo.

"Miaka sita nilimwita mzembe," alisema. "Mbele ya watoto."

Nilimuuliza kaka alikuwa anajibu nini.

"Alikuwa anasema ni kweli."

Nilimwambia naweza kumpa mchungaji asome badala yangu. Akakataa. Alisema nisome mwenyewe, na watoto atawaketisha kiti cha mbele wasikose neno. Kisha akaendelea kukunja nguo, na hakunikaribisha chai.

Kwa hiyo Jumapili nitasimama na karatasi hii. Sare ya kwaya nimeirudisha. Kesho, kabla ya tanuri kuwashwa, nitaingia ofisini kwa msimamizi na nakala ya pili, hii nikiwa nimeitia sahihi yangu.