Sehemu Mbili za Maziwa

Juzi mjukuu wangu aliniletea kitabu chake cha darasa la saba nimsaidie hesabu moja. Mfanyabiashara ana maziwa halisi, ametia maji, tafuta uwiano. Nikamwambia nina kazi jikoni. Kazi yenyewe sikuwa nayo.

Hesabu hizo, ndugu yangu, nilizijua kuliko watoto wote wa shule yetu pale Manzese. Mama alifariki akimzaa mdogo wangu wa kiume. Ujamaa ulikuwa umepamba moto, na maziwa ya kopo tulikuwa tunayasikia tu. Muuguzi wa zahanati akamwelekeza bibi atumie ya ng'ombe: maziwa sehemu mbili, maji ya kuchemsha sehemu moja. Bibi hakusoma, basi kupima kukawa kazi yangu. Mwalimu wetu, aliyetufundisha michanganyiko kwa ndoo ya uji wa shule, akasema mtihani wa darasa la saba nimeshaupata nyumbani.

Kila asubuhi kengele ya baiskeli ya muuza maziwa ilitukuta tumeshawasha mkaa. Nilipima kwa kikombe cha bati, bibi akinisimamia na kusema haba na haba hujaza kibaba. Nilijivuna, sikufichi. Lakini mtoto hakunenepa. Alilia sana, halafu akawa analia kidogo, na sisi tukadhani ametulia.

Tulipomrudisha zahanati, muuguzi aliuliza tunapima vipi. Nikamweleza, sikukosea kitu. Akaomba chupa tuliyokuja nayo, yenye maziwa ambayo nilikuwa sijayachanganya bado, akamimina kidogo kiganjani. Yalitiririka kama maji ya mchele.

"Haya yametiwa maji kabla hayajafika kwenu, bibi," alisema. "Nyie mmeongeza maji juu ya maji."

Muuza maziwa hakukana. Alisema naye anayapokea hivyohivyo, na hata yeye ana watoto. Bibi hakumtukana. Tangu siku hiyo kikombe cha maji kiliwekwa kando, lakini tulikuwa tumechelewa. Tulimzika mtoto wiki ya kuelekea mtihani.

Sikutaka kwenda. Bibi alinifunga vifungo vya sare mwenyewe, macho yamemvimba.

"Nenda, mjukuu wangu," alisema. "Mie nimebaki na wewe tu."

Swali la maziwa lilikuwamo. Maziwa halisi, liliandikwa hivyo, na nililichukia neno lile kuliko nilivyomchukia muuza maziwa. Nikalifanya. Nikachaguliwa kwenda sekondari, na bibi alipoletewa habari alilia kilio cha msiba.

Leo bibi hayupo, nyumba ile imekuwa gereji, na kengele ya baiskeli sijaisikia miaka mingi. Maziwa tunanunua ya pakiti.

Mjukuu alinifuata jikoni na kitabu chake.

"Bibi, si tunachukulia tu kwamba yalikuwa halisi?"

"Kamuulize kwanza aliyeyaleta," nikamjibu.

Alicheka, akidhani namtania, akaandika jibu. Nililitazama. Lilikuwa sahihi.