Mapapai Yaliyokosa Bwana

Kianjai kila mtu ni profesa wa mapapai. Kuna wanaoapa kwamba mbegu inayozama majini ndiyo jike, na ile inayoelea ni dume. Kuna wanaokata mzizi mkuu wa mche kabla ya kuupanda, wakisema mche ukionja kisu hugeuka jike kwa woga. Na wapo wanaopigilia msumari kwenye shina la dume ili lipate akili na kuanza kuzaa. Hidaya, mke wa Rahim mwenye bucha, aliyajaribu yote isipokuwa msumari. Misumari ya Rahim ilikuwa na kazi ya kuning'iniza matumbo.

Alikuwa na sababu ya kuhangaika. Kipande cha shamba nyuma ya bucha kilikuwa cha familia, na Jumaa, kaka yake Rahim, anayekimbiza pikapu ya miraa kutoka mji wa Maua, alikitaka kwa ajili ya miraa yake. Walibishana mpaka wakapatana hivi: Hidaya apande mapapai yake, na futari ya kwanza ya Ramadhani ijayo papai liwe mezani. Likiwepo, shamba ni lake. Likikosekana, yang'olewe yote.

Ndipo akamwendea Vincent, muuza miche pale stendi, amwambie dawa ya kupata majike matupu. Vincent akamwambia dawa hiyo haipo. Jike na dume hupangwa ndani ya mbegu, tunda likiwa bado juu ya mti, na hakuna jicho litakaloyatambua mpaka maua yatoke. Jua kali laweza kulivuruga dume moja moja likazaa kitunda cha aibu, lakini hajatajirika mtu kwa kuvurugwa. Apande miche mitatu kila shimo, angoje maua, kisha aondoe madume. Vincent alikuwa bado anaongea Hidaya alipojifunga leso na kuondoka.

Maua yakatoka. Ya kike ni manene, hukaa yamebanana na shina kama mtu aliyeshiba. Ya kiume hujining'iniza kwenye vikonyo virefu kama hereni za bei rahisi. Hidaya alichukua panga la bucha akayafyeka madume yote, asibakishe hata moja. Si ajabu. Katika nyumba ile dume ni nyama, na mwenye kufugwa ni jike. Siku hiyo hiyo, akivuka soko, alimpitia Kendi muuza mboga, mwenye papai dume moja kubwa karibu na choo, akamuuliza anamlisha kupe huyo wa nini. Kendi alimjibu kwamba kuku wake wanapenda kivuli.

Kisha maua ya Hidaya yakaanza kudondoka. Yaliyojikaza yaliota vitunda vya kidole gumba, vikawa njano, vikaanguka. Vincent aliitwa, akazunguka shambani mara moja tu.

"Dume liko wapi?"

"Nimeyakata."

"Yote?"

"Si ulisema niyaondoe?"

"Nilisema ubakishe moja la kuwatosha majike, mama Yasser. Wewe ulikuwa ushafika barabarani."

Dawa ilikuwa moja: maua mabichi ya dume, kila asubuhi, ayapakaze kwa mkono kwenye maua ya kike. Na dume lililobaki karibu lilikuwa lile la chooni kwa Kendi.

Kendi hakuwa na haraka. Alimaliza kukata sukuma, akafuta kisu.

"Juzi alikuwa kupe. Leo ni mkwe?" akasema. "Kwetu hakuna anayeposa mikono mitupu. Najua kawaida ni upande wa kiume unaokuja, lakini mwenye shida ndiye hufunga safari. Niletee kitita cha miraa cha posa, kimefungwa kwa majani ya mgomba, na mzee wa kwenu aje aongee."

Mzee wa kwao alikuwa Jumaa. Akasikiliza, akacheka mpaka jani likamtoka mdomoni, akauliza ni mjinga gani anayejiposea hasara.

"Usiende basi, shemeji," Hidaya akamwambia. "Kendi atalitangazia soko kwamba mtu wa Maua ameshindwa na kitita kimoja."

Jumaa akaenda, na kofia yake ya Ijumaa. Wanasema aliongea kwa heshima kubwa sana, akamsifu bwana harusi urefu na utulivu. Kendi akapokea kitita, na toka asubuhi iliyofuata Hidaya akawa anarudi na beseni la maua.

Matunda yakashika. Lakini papai halijui kalenda. Mwezi ulipoandama yalikuwa makubwa, magumu na kijani kama chupa.

Jioni ya kwanza Jumaa alifuturu kwa kaka yake, macho yakipekua meza. Kulikuwa na tende, uji, chapati na mchuzi wa nyama. Rahim alikuwa amechinja fahali mzee aliyelima maisha yake yote, nyama ya kung'oa meno, na ya Jumaa yalishang'oka nusu. Ila nyama ile iliachana yenyewe mdomoni. Akaongeza bakuli la pili.

"Haya," akasema alipotulia, "papai liko wapi?"

"Umelimaliza, shemeji. Nimelipika bichi na nyama."

Jumaa alitazama ndani ya bakuli. Akaufuta mchuzi kwa kipande cha chapati, akakitafuna polepole. Kisha akamwambia Rahim, bila kumgeukia Hidaya, kwamba miche yake ya miraa ataitafutia shamba kwingine.