Njia Iliyopita Kwenye Mbaazi

Hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza mimi. Nilianza kwa kuosha magari ya watalii nikiwa nimevaa ndala moja ya bluu na nyingine nyekundu. Ni yale magari yanayoshuka kutoka Kreta, bonde la Ngorongoro, yakiwa na vumbi mpaka namba hazisomeki. Leo nina gereji yangu Karatu mjini, nina landkruza mbili zinazopandisha wageni Ngorongoro, na shule niliishia darasa la nne. Wenye digrii wananiita bosi. Nimeona mzungu mtu mzima akilia kwa sababu ameona kifaru. Nimeona gari linaungua na mwenyewe anapiga picha. Kwa hiyo siku mke wangu aliponiambia kuwa kwenye mlango wa ofisi ya kijiji kumebandikwa mchoro wa viwanja, na kwamba kwenye huo mchoro njia ya kwetu haipo, nilicheka.

"Njia haiwezi kukosekana," nikamwambia. "Nimepita hapo asubuhi."

"Wewe umepita," akasema. "Kwenye mchoro hupiti."

Nyumba yangu ipo Ganako, nyuma ya shamba la marehemu jirani yangu. Nyuma yangu mimi kuna korongo, na kila masika linakula ardhi kidogo. Mtu hawezi kutoka kwangu bila kupita kwenye shamba lile. Na mke wangu miguu haimbebi tena, sukari imeimaliza. Gari lisipofika mlangoni haendi kliniki, basi. Hiyo ndiyo ilikuwa habari yenyewe, mengine yote ni maneno.

Yule jirani alinizidi umri kama baba. Nilipotoka Mbulu na kununua kile kipande cha mwisho, cha bei ya chini kwa sababu kilikuwa hakina njia, nilikuja na mke na kitanda. Kitanda nilikibeba kichwani nikiwa nazunguka ukingoni mwa korongo. Mzee akaniona. Alikuwa amesimama katikati ya mbaazi zake, zimeanza kutoa maua. Akainama akaanza kung'oa mbaazi, shina kwa shina, mstari mzima, mpaka akafika uzioni kwangu. Halafu akanyoosha mgongo akasema kwa lugha yetu, "Pita. Mtu mwenye kitanda hazunguki."

Sikumlipa, na hakutaka kulipwa. Sisi Wairaqw, hasa wale wa zamani, mtu akikupa kitu cha namna ile humlipi. Ukimlipa ni kama unamrudishia, unamwambia tumemalizana. Unachofanya ni kukaa naye. Nilipopata gari la kwanza, mahindi yake yote yalikwenda sokoni juu ya gari langu, kila mavuno, na hakuna aliyetaja mafuta. Mke wake akikamua, chupa ya maziwa inaletwa kwetu. Yule mama alinifanya mwanawe. Watoto wake, kwa kuwa niliwazidi sana umri, wakaniita baba mdogo. Na mzee alipofariki, jeneza lake nililibeba mimi kutoka hospitali, kwenye landkruza nyeupe niliyoiosha kwa mikono yangu mwenyewe, nikapita taratibu kwenye njia ileile aliyoing'oa.

Baada ya matanga, mtoto wake mkubwa, anayefanya kazi Arusha, akaleta wapimaji wakate shamba viwanja vya kuuza. Mahindi yalikuwa yameshavunwa, mabua yameliwa na ng'ombe. Ukiangalia shamba wakati ule unaona njia kila mahali na huoni njia hata moja, maana baada ya mavuno kila mtu anakatiza anapotaka. Wapimaji walikuwa wageni. Wakachora barabara yao nzuri iliyonyooka upande wa juu, na njia yangu wakaiwekea viwanja viwili juu yake.

Mke wangu akanishauri. Alisema, "Nenda kwa mama jioni. Ukae, unywe chai, umuulize habari za ng'ombe. Usiseme njia. Atajua kilichokuleta."

Nikamwambia, "Mimi nimekaa mezani na mameneja wa lodji. Sendi kunung'unika jikoni kwa mwanamke mzee."

"Hakuna anayekuambia unung'unike. Unaambiwa ukae."

Sikwenda.

Siku ya mkutano wa kuupitia ule mchoro watu walijaa. Afisa ardhi alikuwa kijana mstaarabu, amebandika karatasi kubwa ukutani, akaeleza barabara, akaeleza eneo la wazi, akasema mwenye pingamizi aseme leo kabla mchoro haujapelekwa wilayani. Yule mama alikaa benchi la mbele na fimbo yake, amejitanda shuka. Mtoto wake alikuwa pembeni yake na simu mbili mkononi.

Wa kwanza kusimama alikuwa mfugaji mmoja wa Kakesio ambaye tayari alikuwa amelipia kiwanja. Akauliza, "Mimi ng'ombe wangu watapita wapi?"

"Mzee, hivi ni viwanja vya makazi," afisa akasema.

"Ndiyo. Na wao wanakaa na mimi."

Watu wakacheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Wapimie na wao, kila ng'ombe na hati yake!" Yule mfugaji naye akacheka, akakaa.

Nikasimama mimi. Nilikuwa nimevaa koti. Nikawaambia wananijua, nikawakumbusha nani alichonga barabara ya kanisani mvua ilipoiharibu, gari la nani hubeba wagonjwa wao. Nikasema njia ile nimepita tangu huyu anayeuza viwanja hajaota ndevu.

Mtoto wa mzee akanyoosha mkono. "Mwenyekiti, hakuna anayekataa kwamba mzee wa gereji alikuwa anapita. Tunauliza tu, alikuwa anapita kwa haki gani?"

Mzee wa gereji. Sikusikia vizuri maneno yaliyofuata. Mtoto niliyempeleka sekondari na sanduku lake garini, aliyekuwa akiniita baba mdogo hata kwenye simu.

Afisa akaniuliza kwa upole, "Baba, una maandishi yoyote?"

"Maandishi ya nini? Alinipa."

"Alikupa mbele ya nani?"

Mbele ya mbaazi, ningesema nini? Nyuma nikasikia mtu akinong'ona kwamba leo bosi amekwama, na mwingine akaguna kwa raha. Ndipo yule mama akaanza kuinuka. Aliweka fimbo chini, akashika bega la mtoto wake, mtoto akajaribu kumkalisha, mama akautoa ule mkono. Akasema, kwa sauti ndogo, "Mimi nina neno."

Hapo ndipo kichwa changu kilipopata moto. Niliona mkutano mzima unatazama, nikaona mimi, mtu wa magari mawili, ninakwenda kuombewa na bibi mwenye shuka. Nilikuwa nimekuja na bahasha ya hela kwenye koti. Nikaitoa nikaipiga mezani mbele ya afisa.

"Mama, kaa. Usihangaike. Mimi sina shida ya kuombewa. Semeni bei ya hiyo njia, nilipe tumalize."

Vichwa vyote vikanigeukia. Hata yule mfugaji aliacha kutafuna mswaki wake. Mama akanitazama. Hakukasirika, na mpaka leo naona afadhali angekasirika. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka sura.

"Kumbe miaka yote hiyo," akasema, "ulikuwa unaona unadaiwa?"

Akakaa. Akaokota fimbo yake akaiweka mapajani.

Afisa akasema sawa, kama pande zote zinakubali kuuziana basi pingamizi limekwisha, mchoro utarekebishwa kwa gharama ya mnunuzi. Mwenyekiti akafunga mkutano. Watu walinipa mkono wakitoka, wengine wakanisifu kwamba mwanaume ni yule anayejua kumaliza mambo.

Nilifika nyumbani nimejaa ushindi. Mke wangu alikuwa amekaa kibarazani, miguu juu ya kigoda. Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta macho kwa ncha ya khanga.

"Alikuja asubuhi," akasema. "Ulikuwa umeshakwenda gereji. Alileta maziwa. Akaniambia nisiwe na wasiwasi, leo atasimama mbele ya watu aseme njia ni yetu, iandikwe, na huyo mtoto wake ameshaambiwa hivyo. Akaniambia, mwanangu hana haja ya kuongea, ataongea mama yake."

"Mbona hukunipigia?"

"Nikupigie nikwambie nini? Kwamba mama yako anakupenda?"

Nikatoka nje nikasimama karibu na gari. Nilitaka kurudi kwake saa ileile. Lakini ningerudi na nini? Nikichukua kondoo wa kuomba radhi, ni malipo mengine. Nikienda mikono mitupu, nimechelewa. Nilijua vizuri kabisa nilichokifanya, nimezaliwa kwenye mila hiyo, si mgeni wa lodji. Ila kwa miaka mingi kila kitu kilichonisumbua nilikuwa nakipigia bei kikaondoka, mkono ukawa umezoea.

Mambo ya viwanja yalikwenda haraka. Njia ilikuwa imekata viwanja viwili, na mtoto wake hakuuza kipande, aliuza viwanja vyote viwili kwa bei ya mjini. Sikubishana. Nikamwaga kifusi, nikashindilia. Sasa ni njia nzuri kuliko zote Ganako, hata masika gari halitelezi, na mke wangu anafika kliniki bila kutikiswa. Maziwa hayaji. Chupa yao ya mwisho imebaki kwetu, mke wangu ameiosha na hataki niirudishe wala niiguse.

Yule mama akienda kanisani anazunguka kwa barabara ya juu, ile ya kwenye mchoro, kwa fimbo, kwenye jua. Angekatiza kwenye njia yangu, safari ingepungua nusu. Jumapili moja nikasimamisha gari kando yake nikafungua mlango. Nikamsalimia kwa Kiiraqw.

"Panda, mama."

Akanijibu kwa Kiswahili. Huyu mwanamke hakuwahi kuniongelesha Kiswahili hata siku moja. Kiswahili chake ni cha kumwambia mpimaji, daktari, mtu wa sensa.

"Asante, baba," akasema. "Nitafika. Endelea na safari yako."

Nilikaa na mlango wazi mpaka alipopotea kwenye kona.

Hati ilitoka na jina langu, mihuri yote ipo. Ukijumlisha viwanja vyote viwili, na kuchora upya, na kupima upya, na bikoni za mipakani, na ada za wilaya, njia ile niliyopewa bure ilinigharimu shilingi milioni kumi na saba, laki nne na elfu themanini na tano.