Maji ya Rejeta

Siku ile ilianza kwa ugomvi wa mabeseni. Mimi na dereva mwenzangu Hamisi, mtu wa Chanika, tulikuwa tumetoka Dar na lori la mabeseni ya plastiki mpaka mji mmoja wa mashariki mwa Kongo, na mwenye mali, Bwana Akberali, alikuwa ametutangulia kwa ndege ili ahakikishe hatuyapangi vibaya. Alisimama mlangoni mwa ghala la mteja wake, kalamu sikioni, akitaka mekundu yakae na mekundu. Sisi tulikuwa tunapanga tu. Jua lilikuwa kali, jirani alikuwa amefungulia redio, na Hamisi alikuwa ananong'ona kwamba huyu mzee akifika peponi ataanza kwa kupanga malaika kwa rangi.

Milio ya kwanza tulidhani ni mabati yanashushwa. Mwenye ghala hakudhani hivyo. Alikimbia bila kuaga, akatuachia ghala lake na kila kilichomo. Watu waliokuwa barabarani walitawanyika, na mwanamke mmoja mjamzito, Furaha, ambaye hakuweza kukimbia, akaingia kwetu. Hamisi akafunga mlango.

Mle ndani kulikuwa na mabeseni ya kuogeshea jeshi zima, kreti za soda mpaka karibu na dari, na dumu moja la maji, akiba ya lori. Siku mbili tulikunywa soda ya chungwa yenye joto, tukicheua kwa zamu. Kila bunduki ilipolia, Bwana Akberali alivaa beseni la bluu kichwani. Hatukumcheka, kwa sababu na sisi tulikuwa tumevaa.

Siku ya pili, karibu na adhuhuri, Furaha alijifungua mtoto wa kike. Hamisi, baba wa watoto sita, ndiye aliyempokea. Mimi nilitazama ukuta na kutoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Maji ya dumu yakaishia kumsafisha mama na mtoto. Mtoto alikuwa mdogo mno, anapumua kwa kusitasita, na baada ya muda midomo yake ikaanza kupoteza rangi.

"Abatizwe," Furaha akasema. "Nani Mukatoliki hapa?"

Wakanitazama wote. Ni kweli mimi ni Mkatoliki, lakini mafundisho ya kipaimara niliyarudia mara mbili, na katekista alinipitisha kwa kuchoka. Hata hivyo nilikumbuka kwamba padri asipokuwepo na mtu yuko hatarini kufa, Mkristo yeyote anaweza kubatiza. Unamwaga maji kichwani, unasema maneno, basi. Nikafungua soda.

"Soda hapana." Furaha alikuwa amelala juu ya maboksi, hana nguvu ya kufukuza nzi, ila nguvu ya kunikatalia alikuwa nayo. "Ya muto, ya mvula, hata ya matope. Lakini maji. Mutoto wangu hawezi batizwa na soda."

Hamisi ndiye aliyekumbuka rejeta, akaninong'oneza kando, Furaha asisikie. Lori lilikuwa uani, hatua thelathini hivi kutoka mlangoni.

"Naenda mie," nikasema. "Koki yake naijua."

"Wewe ndio unajua maneno," Hamisi akasema. "Ukipata ishu huko nje, mie nitamsomea nini huyu mtoto? Yasini?"

Akamwaga soda, akabaki na chupa tupu. Bwana Akberali akamwambia kutoka chini ya beseni, "Usiyamalize, Hamisi. Tutaondokaje?"

"Nusu chupa tu, bosi."

Akatoka.

Kupitia tundu la mlango nilimwona akijilaza chini ya lori. Akafungua koki. Akaifunga.

Akarudi mbio, ameinama.

Milio mitatu.

Aliingia kwa miguu yake mwenyewe. Akanipa chupa. Kisha akakaa chini, mgongo ukutani, na shati lake likaanza kulowa ubavuni.

"Mwagia, braza. Usinitazame mie."

Maji yalikuwa ya kahawia, yamejaa kutu. "Ni maji?" Furaha akauliza. Nikamwambia ni maji. Tukamshika mtoto juu ya beseni la waridi, nikamwita Konsolata kama mama yake alivyotaka, nikamwaga mara tatu na kusema maneno. Mtoto akapiga chafya. Halafu akalia, akaendelea kulia kwa hasira, na rangi ikamrudi.

Hamisi alimsikia. Akatabasamu kidogo. Alifariki kabla ya alasiri kwisha, na Bwana Akberali ndiye aliyemsomea, kwa sauti ya chini, bila beseni kichwani.

Kesho yake mapigano yalihamia upande mwingine wa mji. Tukamzika Hamisi huko, tukajaza rejeta, tukaondoka na Furaha na mwanawe kati yetu.

Sasa Konsolata ana miaka tisa. Anaishi Kimara na mama yake, ambaye anauza vitenge, na kilio kile amekigeuza maneno, hanyamazi. Mwaka huu yuko kwenye mafundisho ya komunyo ya kwanza, na paroko alitaka cheti cha ubatizo. Cheti hakikuwepo. Anayebatiza kwa dharura anapaswa kutoa taarifa parokiani, ubatizo uandikwe daftarini, nami nilikuwa sijui. Basi tukaitwa ofisini: Furaha, Bwana Akberali na mimi.

Padri alikuwa kijana, mpole. Aliniuliza maneno niliyosema, nikayarudia, akatikisa kichwa kukubali. Akauliza maji yalitoka wapi. Nikamtazama Furaha, nikatamani mlio wowote utokee nje.

"Kwenye rejeta, Baba."

Furaha akanigeukia polepole. "Kaka Damas. Ulibatiza mtoto wangu na maji ya gari?"

Padri akaweka kalamu chini. Alisema rejeta nyingi hutiwa kulanti, ile dawa ya kijani, na dawa ikizidi hayo si maji tena. Hakuwa na hakika. Lakini njia ipo, akasema, ubatizo wa sharti: unamwaga maji ukisema, "Kama hujabatizwa, ninakubatiza." Ni jambo la dakika tano.

Nikakataa. Nilipandisha sauti mbele ya padri, jambo ambalo mama yangu angenichapa kwa ajili yake hata nikiwa na mvi. Nikamwambia kama yale hayakuwa maji, basi Hamisi alitoka nje kufuata nini?

Bwana Akberali akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Baba Padri, mie nina malori tangu ujana wangu. Kulanti sijawahi kununua hata kopo moja. Maji ya bomba tu. Madereva wamenisema kwa hilo miaka yote, muulize huyu."

"Ni kweli, Baba," nikasema. "Ni bahili sana."

Padri alifunika mdomo kwa mkono, mabega yakimtetemeka. Kisha akasema kutu haiyaondolei maji umaji wake, ubatizo ni halali, na ubatizo mtu hupewa mara moja tu katika maisha. Akaandika. Furaha alicheka mpaka akajipangusa machozi kwa kitenge, akaniahidi kwamba mambo ya rejeta tutayamaliza nyumbani.

Alipokuwa anafunga daftari, padri akataka kunifariji. "Na ujue, hata yule rafiki yako angeweza kumbatiza. Kanisa linakubali, katika dharura, hata mtu asiyebatizwa. Mradi atumie maji na maneno yale, na akusudie lile Kanisa linalokusudia."

Nikamwomba arudie. Akarudia.

Lori nilikuwa nalijua. Koki nilikuwa naijua. Ningemfundisha maneno, nikatoka mimi. Nilisikia aibu, na bado naisikia ninapoandika hapa.

Jumapili nikaenda Chanika kwa Bi Zuhura, mjane wa Hamisi. Nilimkuta anamenya muhogo. Alicheka aliposikia habari za kulanti, maana Hamisi alikuwa akimlalamikia bosi wake hata mezani. Kisha nikamweleza na lile la mwisho, kwamba hata Hamisi angeweza kubatiza. Akaacha kumenya.

"Maneno yenyewe ni marefu?"

Nikamwambia: "Ninakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

"Hayo tu, shemeji?"

"Hayo tu."

Akachukua muhogo mwingine, akaanza kuumenya.