Kamba ya Mzee Rajabu na Swali la Baba Padri

Enzi zetu, nami nasema enzi zetu ingawa sijafika miaka thelathini, swali la mafundisho halikuwa na simu ya kulitafutia jibu. Lilikaa kichwani mwako siku nzima. Unakula nalo, unalala nalo, unakwenda nalo ufukweni Kibirizi kugeuza dagaa. Nakumbuka moja lililokaa nami siku tatu likataka kuniua, na mpaka leo likipita mwili wangu unashtuka kabla ya akili.

Wale mliosoma komunyo ya kwanza miaka ile pale kwetu Gungu mtakumbuka yale mabenchi yasiyo na egemeo, na harufu ya ubani iliyobaki tangu Jumapili. Mtakumbuka daftari lililofunikwa kwa gazeti. Katekista wetu, Mwalimu Petro, alitembea na fimbo ambayo hakuwahi kumpiga nayo mtu, aligonga nayo benchi tu. Tuliimba majibu kama tunavyoimba hesabu za kuzidisha. Yesu alizaliwa na nani? Na Bikira Maria, kwa uwezo wa Roho Mtakatifu. Benchi linagongwa, tunaendelea. Jua likiwaka tunatoka kucheza rede mpaka vumbi linaingia kwenye meno, kisha nyumbani kwenye ugali wa muhogo na samaki wa mgebuka kwa mawese. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Kuuliza kwa nini kulikuwa kama kumjibu mkubwa.

Mama yangu alikuwa anakausha dagaa Kibirizi. Kipande chake cha mchanga kilipakana na cha jirani yetu, Mama Zaituni, mwenyeji wa Ujiji aliyeolewa Gungu. Binti yake Zaituni alinizidi mwaka mmoja na alikuwa rafiki yangu wa kila kitu. Mimi nilikuwa mtoto wa haya, naongea kwa kunong'ona. Zaituni aliongea kwa niaba yangu hata dukani.

Siku moja, Noeli ikikaribia, tulikuwa tumeinama tunageuza dagaa, mimi nikinong'ona majibu ya Mwalimu Petro. Zaituni akasimama.

"Huyo Mariamu nyie mmemjulia wapi?"

Nikamwambia ni wetu, yumo kanisani, ana sanamu na nguo ya bluu.

"Wenu tangu lini? Ni wetu. Tumemsoma chuoni, kwenye Kurani. Alimzaa Nabii Isa na hakuwa na mume."

Nilihisi kama mtu kaniibia kitu mkononi. Nilikuwa na miaka kumi, na nilidhani habari ile ni siri ya watu waliobatizwa. Zaituni naye alikuwa ameshtuka vilevile. Tukavutana ni wa nani mpaka tukakanyaga dagaa. Mama Zaituni alipokuja kuona kelele ya nini, alicheka, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akatusimulia sote wawili. Alitueleza jinsi Mariamu alivyoshikwa na uchungu peke yake chini ya mtende, na jinsi watu walivyomsema vibaya aliporudi na mtoto. Akamaliza kwamba kwa Mungu hilo si jambo gumu. Adamu hakuwa na baba wala mama, na hakuna aliyeshangaa.

Sijawahi kusikia habari tamu kama ile. Mwalimu Petro hakuwahi kutuambia kwamba Mariamu alilia. Nikaiweka yote moyoni.

Wiki iliyofuata, Jumatano, Baba Padri alikuja mwenyewe kutupima. Tulitegemea yale ya kuimba. Yeye akavua miwani, akauliza polepole, "Kama Yesu angezaliwa na baba na mama kama wewe ulivyozaliwa, wewe ungepungukiwa na nini?"

Tukatazamana benchi zima. Akamnyooshea mtoto mmoja kidole, mtoto akalia. Akaja kwangu. Sijui nilipata wapi sauti. Nikasema ni ishara kwamba Mungu anaweza yote, maana hata Adamu hakuwa na baba wala mama.

Padri akaniangalia. "Umefundishwa na nani?"

"Na Mama Zaituni."

Vicheko vilivyolipuka pale bado vimo masikioni mwangu. Fimbo ya Mwalimu Petro ilidondoka. Nyuma yangu mvulana mmoja akasema, "Shikamoo Hajati Skola," na jina hilo likanifuata mpaka namaliza darasa la saba. Padri hakucheka. Alisema nilichosema ni kweli lakini ni nusu ya njia, kwamba mimi nimeeleza Mungu anaweza nini, na yeye ameuliza amenifanyia nini. Akanipa mpaka Jumamosi. Nikishindwa, nitasubiri mwaka mwingine.

Mwaka mwingine. Gauni jeupe lilikuwa limeshashonwa, limening'inia ukutani ndani ya mfuko wa nailoni. Bibi yangu alikuwa ameshatuma salamu kwamba anakuja kutoka Kasulu na kuku mkononi kumwona mjukuu wake akipokea. Nilimuuliza mama. Akasema, "Kariri, mwanangu, mengine utayajua ukikua." Nikamuuliza Mama Zaituni, kwa kuwa ndiye aliyenieleza mengi kuliko wote. Yeye alinifuta uso kwa ncha ya kanga yake.

"Skola, sisi tunaishia pale nilipokwambia. Kwetu ni ishara, na Isa ni mtume. Nyie mna zaidi ya hapo mnayosema. Hayo kaulize kwenu, nisije nikakufundisha ambayo siyaamini mwenyewe."

Kwa hiyo Ijumaa jioni nilikuwa ziwani sina jibu. Nilitumwa kuosha beseni, Zaituni yuko nyuma yangu na lake. Mnalijua ziwa letu. Hatua tatu maji yako magotini, ya nne huna ardhi. Sisi wasichana wa Gungu hatukufundishwa kuogelea, tulifundishwa kutovuka hatua ya tatu. Beseni liliniponyoka, likaelea, na mimi nikalifuata huku nikijiuliza ningepungukiwa na nini. Nikapiga hatua ya nne.

Sikupiga kelele. Watu hudhani anayezama anapiga kelele. Maji yalikuwa ya kijani halafu meusi, baridi yake inaingia puani kama pilipili. Kisha nikahisi mikono. Zaituni alikuwa amenifuata. Alinikumbatia shingoni kwa nguvu zake zote, nami nikamkumbatia, na tukashuka pamoja. Hilo ndilo linalonishtua mpaka leo. Hakuna mtoto aliyenipenda kuliko Zaituni, na alikuwa ananizamisha. Na mimi namzamisha yeye. Kila mmoja anapanda juu ya mwenzake apate hewa.

Kilichofuata nilisimuliwa, mwenyewe nakumbuka kipande tu. Mzee Rajabu, fundi wa mitumbwi, alikuwa kwenye banda lake anaziba nyufa. Aliona mabeseni mawili yanaelea na hakuna mtoto. Mzee yule alizaliwa ufukweni, alijua kuogelea kuliko sote, lakini hakuruka moja kwa moja. Alichukua kamba, akafunga ncha moja kwenye nguzo ya banda, nyingine kiunoni mwake, ndipo akaingia. Mimi nakumbuka mkono tu, mkono mkubwa wenye lami, ukishika kola ya gauni langu. Vijana wake wakavuta kamba, tukatoka wote watatu kama wavu uliokwama.

Mama alinikumbatia, halafu akanizaba kofi, halafu akanikumbatia tena. Mama Zaituni alikuwa amekaa chini mchangani, anataja jina la Mungu bila kukoma. Mimi nilitapika maji, na swali la kwanza lililonitoka, kwa sauti yangu ileile ya kunong'ona, lilikuwa kwa Mzee Rajabu. Nilimuuliza kwa nini alifunga kamba na anajua kuogelea.

"Ningeingia bila kamba tungekuwa watatu," akasema, anakamua kanzu yake.

Nikamuuliza kwa nini basi hakuturushia kamba akabaki ufukweni.

Akaniangalia kama mtu anayeangalia mtoto aliyepungukiwa. "Mngeidaka kwa mkono upi? Kwa mikono yenu yote mlikuwa mmekabana."

Usiku ule sikumbuki kulala. Jumamosi nilikwenda kanisani macho mekundu, na wenzangu wakanipokea kwa "Hajati kanusurika". Tukasema Tumsifu Yesu Kristo, Padri akaitikia, akakaa, akaniita mbele. Swali lilelile. Nikaficha mikono nyuma.

"Baba," nikasema, "watu wote tumo majini. Kama Yesu angezaliwa na baba na mama kama sisi, angekuwa kama Zaituni. Anatupenda sana, lakini anazama nasi."

Wakacheka waliposikia Zaituni. Padri akainua mkono, wakanyamaza.

"Na kama asingezaliwa na Maria?"

"Angebaki ufukweni anaturushia kamba. Na sisi hatuna mkono wa kuidaka. Ndiyo maana aliingia majini kabisa, kwa Maria, akawa na mwili kama wetu. Lakini upande wa pili wa kamba, ule wa baba, haukufungwa kwetu. Umefungwa kwa Mungu, pasipozama."

Nilisikia Mwalimu Petro akivuta pumzi.

"Nani kakufundisha hayo?"

Mwalimu Petro alifumba macho kabisa. Nami sikujua kudanganya.

"Mzee Rajabu."

Safari hii hata Padri alishindwa. Alicheka mpaka akafuta machozi, maana Kibirizi nzima ilimjua Mzee Rajabu kwa kutokosa msikiti Ijumaa hata mvua inyeshe. Alipotulia aliniambia kwamba mfano wangu unapungua mahali, nisije nikautegemea mno. Yesu si mtu mwema aliyefungwa kwa Mungu kwa kamba. Ni Mungu mwenyewe aliyeingia majini, na mwili alioupata kwa Maria ni wake hasa, si nguo ya kuvaa akavua. Wokovu, akasema, haukutoka kwa nguvu ya mwanamume yeyote; Maria alikubali tu, na hata kukubali kwake kulikuwa neema. "Lakini umefika, Skolastika." Akaandika jina langu.

Bibi alikuja kutoka Kasulu. Aliposikia habari ya ziwa alishika kichwa, akasema Imana, yaani Mungu, na maneno mengine ya Kiha nisiyoyajua, kisha akauliza kwa Mzee Rajabu ni wapi. Akampelekea yule kuku. Siku ya komunyo yangu nilivaa gauni jeupe, nikarudi nyumbani kula dagaa.

Zaituni sikumwona siku tatu, mama yake alimfungia ndani kwa hofu. Tulipokutana nilimweleza yote niliyomjibu Padri. Alisikiliza vizuri. Halafu akasema, "Mimi niliyemwona pale ni Mzee Rajabu. Wewe uliona nani, hilo lako." Tukaenda kuchukua mabeseni.

Siku hizi mambo ni mepesi. Ziwa limepanda, limemeza mchanga tuliokuwa tunaanikia dagaa, na nguzo ya banda la Mzee Rajabu imo majini pamoja na banda lenyewe. Mwenyewe alikwishatutangulia. Zaituni ana watoto wawili Ujiji, na kila Noeli hunipigia simu ananiita Hajati. Mpwa wangu anasoma komunyo sasa. Mafundisho yanatumwa kwenye kundi la simu, maswali na majibu, yamepigwa chapa vizuri. Juzi nilimuuliza, kama Yesu angezaliwa na baba kama wewe, ungepungukiwa na nini? Akatelezesha kidole mara mbili tatu kwenye kioo, akanisomea jibu refu lisilo na kosa hata moja, kisha akarudi kwenye mchezo wake wa mpira humohumo kwenye simu. Hakushtuka hata nusu. Nikatamani kumwonyesha nguzo, lakini nguzo haipo.

Kanisani Jumapili tukifika pale tunaposema alizaliwa na Bikira Maria, watu huinamisha vichwa kwa utaratibu, wote pamoja. Mimi nami huinamisha. Lakini masikio yangu yanajaa maji, na mkono wangu, bila mimi kuutuma, unakwenda kwenye kola.