Mama wa Githongo na chaja ya betri zote

Leo mteja amenifunza kazi yangu, tena mbele ya watu.

Mama mmoja mkulima wa kahawa, gambuti zimejaa matope, ameingia dukani kwangu hapa Githongo akitaka chaja.

Nikampa ya simu.

Akacheka kidogo, akatoa betri tatu kwa gunia: ya lithiamu, ya nikeli, na ile nzito ya risasi, kama ya gari.

"Nataka chaja moja ya hizi zote, na isiwe ghali."

Nikamletea ile ghali kabisa. (Najua, najua.)

"Kijana, hii ni ya lithiamu peke yake. Hiyo ya bei nafuu hapo nyuma ndiyo unachagua aina ya betri."

Nikageuza boksi. Imeandikwa kweli! Na nimekuwa nikiiuza bila kusoma.

Akanunua hiyo ya bei nafuu, tukachaji nayo ile betri ya lithiamu karibu saa moja, halafu akaniita nje. Akatoa kwa gunia ndege ndogo aliyojitengenezea kwa lile povu jeupe la kufungia TV, akaitia ile betri, akashika rimoti.

Ikaruka! Ikazunguka juu ya miti ya kahawa, ikarudi hadi miguuni pake. Soko lote likatoka kutazama.

"Ni ya kazi gani, mama?"

"Kazi nimefanya tangu asubuhi. Hii ni ya kunifurahisha."

Ameenda zake, na mimi bado naangalia juu. Nani mwingine ashawahi kupata mteja kama huyu?