Mkasi wa Noreen Tregilgas

Kwa miaka kumi na tisa, kila Julai baridi ya Burra, mji mdogo wa Australia Kusini, inapochoma vidole, Noreen Tregilgas alipogoa mawaridi ya mtaa mzima. Hakuna aliyemtuma. Alikuwa amestaafu upishi wa shule, mumewe Clem amefariki na kumwachia mkasi mzuri wa kupogolea, naye hakuwa mtu wa kukaa bure. Alipita lango kwa lango: anakata, anakunywa chai, anahamia nyumba ya pili.

Watu walimsikiliza kama daktari. Mwagilieni asubuhi, aliwaambia, maji yaende shinani, yasiguse majani. Majani yenye madoa meusi okoteni mtie pipani. Msibananishe miti, acheni upepo upite. Na kweli, mawaridi ya mtaa ule yalikuwa yakisifiwa mpaka mji wa jirani, Clare.

Mwaka huo Verna Polkinghorne, jirani yake, alimwita kabla hata hajaanza kazi.

"Noreen, hebu njoo uone kitu. Na usinicheke."

Chini ya waridi la njano, shina linapozama udongoni, palikuwa na uvimbe mkubwa kama ngumi, umekunjamana kama koliflawa. Noreen alipiga magoti, akahisi baridi ya ardhi ikimpanda mwilini. Uvimbe kama huo aliuona kwenye mti wake mwenyewe miaka mitatu nyuma, mdogo kama njugu. Alidhani ni kovu tu.

Wakamwita Des, mwenye kitalu cha miche. Alifukua kidogo kwa kidole, akakifuta kwenye suruali.

"Hii ni bakteria. Inaingia kwenye jeraha, na ikishaingia haina dawa. Mti unang'olewa na mizizi yake. Nani anapogoa hapa?"

"Mimi," Noreen akasema.

"Mkasi unausafishaje?"

"Naufuta kwa kitambaa. Msimu ukiisha naupaka mafuta."

"Na ukitoka mti huu kwenda ule?"

Noreen akaanza kuhesabu malango kichwani. Miaka mitatu alikuwa anaanza kwake, kisha kwa Verna, kisha kushuka mtaani, kwa mkasi uleule.

"Usijilaumu bure, mwenzangu," Verna akasema. "Pengine ugonjwa ulikuja na miche."

"Pengine," Des akasema, akiangalia pembeni.

Siku hiyohiyo Noreen alipita malango yote kumi na moja, akifukua mashina kwa mikono mitupu. Katika nyumba saba aliukuta uvimbe. Kila nyumba alisema maneno yaleyale: nadhani ni mkasi wangu. Kuna waliomkumbatia. Mama mmoja alifunga mlango polepole.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mzee Keith Bolitho. Waridi jekundu la ukutani alilipanda marehemu mkewe, Joan, mwaka waliohamia. Noreen alipofukua, mkono wake ulikutana na uvimbe, akabaki ameinama vilevile.

"Upo?" Keith akauliza.

"Upo, Keith. Nimeuleta mimi. Niliuona kwangu miaka mitatu iliyopita, nikadhani ni kovu."

Mzee akakaa kwenye ngazi.

"Ungeniambia mapema ningefanyaje? Nisingejua hata cha kuuliza." Kisha akasema, "Leo siwezi kuung'oa. Nenda nyumbani."

Aliung'oa wiki iliyofuata, peke yake, akauchoma. Noreen aliuona moshi kutoka dirishani kwake, akashindwa kumaliza kifungua kinywa.

Julai iliyofuata alitembea na chupa ya spiriti ya kuua vijidudu mfukoni. Kila mti ukiisha, alichovya makali yote, akasubiri yakauke, ndipo aende kwa mwingine. Kazi ya siku mbili ikawa ya wiki. Pale palipong'olewa mawaridi hawakupanda waridi tena, kwa kuwa bakteria hubaki udongoni; walipanda maua ya lavenda. Malango mawili hayakumfungulia, naye hakubisha hodi tena. Keith alimfungulia. Hakukuwa na waridi la kupogoa kwake, ila alikuwa ametenga vikombe viwili vya chai.